UZI: SUV ya kifahari ya mtumba imenigeuka hapa Dodoma. Ilianza umeme, sasa injini. Nitengeneze au niuze?

Mwana Ilazo (mleta uzi)

Mbukwenyi wakuu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo yamenifika.

Gari nilinunua Dar, yadi moja ambayo sitaitaja, mwezi wa tano 2024. Kampuni iliyoitengeneza nayo sitaitaja, sitaki maneno na mtu. Ni ya Mzungu, dizeli, V6 lita 3.0, toleo la 2011, viti vya ngozi, inapanda na kushuka kwa upepo. Mwenye macho ameshajua. Imetoka Uingereza. Dashibodi ilisoma 92,000 nikasema loh, bado mbichi hii. Miezi minne baadaye shemeji yangu ananiuliza mbona spidi mita yako imeandikwa mph? Kumbe zile ni maili. Kilometa ni 148,000. Mke wangu hadi leo akitaka kunimaliza kwenye mabishano anataja namba hiyo tu.

Kiangazi chote gari ilikuwa tamu. Kazini kule Mtumba, Mji wa Serikali, na Kongwa kwa wazee, sikuwahi kufungua boneti zaidi ya kuweka maji ya waipa.

Desemba mvua ya kwanza ikapiga. Kesho yake waipa zinajiwasha zenyewe. Kioo cha abiria kinakataa kupanda. Taa za dashibodi zote zinawaka kama Krismasi imewahi. Alamu inalia saa tisa usiku, mtaa mzima wa Ilazo ukanijua kwa jina. Halafu ikaanza tabia ya kuamka asubuhi imelala chini kama ngamia, betri haina hata nguvu ya kuwasha taa ya ndani.

Fundi wa kwanza: betri. 380,000. Siku nne, ikarudi vilevile.
Fundi wa pili: alteneta. Ya mtumba, 850,000. Ikarudi.
Fundi wa tatu: kontroli boksi imekufa, akaniletea ya gari iliyogongwa, milioni 1 na laki 2. Akaifunga, gari ikagoma kuwaka kabisa kwa sababu haitambui ufunguo. Akarudisha ya zamani, ikawaka. Hela hakurudisha.

Nikakubali kuishi nayo hivyo, nachomoa tu terminali ya betri kila usiku kama mwenye pikipiki. Mwezi huu natoka Dar, nimeshaivuka Gairo napandisha kuja Kibaigwa, mshale wa joto uko katikati, umetulia. Kwanza nikasikia harufu tamutamu, kama sharubati iliyoungua. Ikaja maandishi kwamba nguvu ya injini imepunguzwa. Nikaegesha. Nafungua boneti, mvuke. Kulanti yote, yaani maji ya kupoza injini, imekwenda. Nimeletwa Dodoma juu ya bredauni, mchana kweupe.

Gereji niliyoiacha wanasema hedi, kile kichwa cha injini, imepinda, ninunue injini nzima, milioni 9 kabla ya ufundi. Wakuu, nifanyeje?

Kiti cha Mbele

Pole sana mkuu. Nimekaa na karanga zangu, ngoja waje wajuzi.

Mzee wa Prado

Mlisemwa mkanuna. Hela hiyohiyo ungepata Prado ya 2005 ungekuwa unalala. Watu mnataka kuegesha Mtumba mfanane na mabosi.

Mwana Ilazo

Mzee shikamoo. Nilikubali kosa tangu kichwa cha uzi. Sasa naomba dawa, mahubiri nitasikiliza Jumapili.

Rewaya Kizota

Mleta uzi, mimi ni fundi umeme wa magari, nipo hapahapa mjini miaka mingi. Injini tuiweke pembeni kidogo, nianze na umeme maana hapo umeibiwa kwa ujinga, si kwa wizi.

Maswali matatu. Gari ina sanrufu, lile dirisha la paa? Ukiingiza mkono chini ya kapeti miguuni kwa abiria, siyo juu ya kapeti, chini kabisa kwenye sponji, kuna unyevu? Na betri uliyonunua ni ya ampea ngapi?

Nakuuliza hivi kwa sababu umesema mwenyewe: kiangazi tamu, mvua ya kwanza tabu. Sanrufu haizuii maji yote. Imetengenezwa iingize maji kidogo kwenye mfereji wake, halafu kuna vimirija kwenye kona vinavyoyashusha ndani ya nguzo za kioo hadi nje chini. Sasa hapa kwetu kuanzia Juni mpaka Novemba ni vumbi tupu, na hii barabara ya mzunguko ilivyojengwa ndiyo usiseme. Vumbi linajaa kwenye vimirija, mvua ya kwanza inaligeuza udongo wa kufinyangia. Maji yanakosa njia, yanarudi ndani, yanashuka miguuni. Gari nyingi za kifahari zimewekewa viboksi vya umeme na viungio vya waya hukohuko chini ya kapeti. Waya zinaoga.

Kiboksi kikilowa hakilali. Gari ya kisasa ukifunga milango, viboksi vyote vinatakiwa kulala ndani ya nusu saa au dakika 40 hivi, na umeme unaovutwa ushuke chini ya miliampea 50. Kimoja kikikesha kinawaamsha wenzake, maana wote wanaongea kwenye nyaya mbili zilezile. Betri mpya utanunua hadi uchoke.

Usipime kwa kuchomoa fyuzi mojamoja kama wengi wanavyofanya. Ukichomoa fyuzi na kuirudisha unawaamsha viboksi, unaanza upya. Fungua boneti na mlango mmoja, komeo zake zisukume kwa bisibisi zijifunge ili gari idhani imefungwa, ufunguo upeleke mbali, kaa kwenye kivuli dakika 40. Halafu tumia klampu mita ya DC, ile inayobana waya kupima umeme unaopita, kwenye waya wa betri. Ikisoma kubwa, chukua mita ya kawaida, weka kwenye milivolti, gusa vile vichwa viwili vya chuma juu ya kila fyuzi bila kuichomoa. Fyuzi inayoonyesha milivolti ndiyo inapitisha umeme. Fuata waya huo.

Na hapo kwenye nyaya mbili: soketi ya kupimia chini ya usukani, tundu la 6 na la 14. Betri ikiwa imechomolewa, pima omu (ukinzani wa waya) kati yake. Gari nyingi zinatakiwa zisome kama 60. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukipata karibu na sifuri, nyaya zimegusana. Fundi aliyekuuzia kontroli boksi bila kupima hata hii, mwambie arudi shule.

Kiti cha Mbele

Nimehama kutoka karanga kwenda kalamu na daftari.

Mwana Ilazo

Fundi, nimetoka kuinua kapeti sasa hivi. Si unyevu. Ni MAJI. Sponji nimeikamua kama kitambaa cha kudekia, na kuna harufu ya bwawa. Sanrufu ipo, kubwa. Betri niliyouziwa ni ya 70 ya kawaida, ya mwanzo ilikuwa imeandikwa AGM 95.

Jirani ana klampu mita, tumepima kama ulivyosema. Dakika 40, inasoma ampea 3.8, haishuki.

Rewaya Kizota

3.8 mara saa 12 za usiku ni ampea-saa 45 na ushee. Betri yako ni 70 na haijawahi kujaa. Ndiyo maana asubuhi imekufa. Alteneta yako ya zamani bado unayo? Usiitupe, yawezekana nzima. Ikiwaka gari na mita ikisoma kati ya 13.8 na 14.7 kwenye betri, alteneta haina kosa.

3.8 ni nyingi mno kwa kiboksi kimoja kilicholowa lakini. Kuna kitu kingine kinakesha. Nakuwazia kompresa ya upepo. Umesema inaamka imelala. Baluni moja la upepo linalobeba gari linavuja, gari inajiona imeinama, inaamka usiku kujiinua. Kompresa inafanya kazi kuliko ilivyopangiwa, rilei yake (swichi ya umeme) inaungua, na viboksi vinakesha nayo vikivuta umeme. Chukua maji ya sabuni na brashi, paka kwenye baluni zote nne na viungio vya mipira, tazama mapovu. Angalia hasa mikunjo ya chini ya baluni, vumbi letu linakaa pale na kusaga mpira kama msasa. Rilei ni ya bei ya chipsi mayai na soda mbili. Kompresa ndiyo itakuliza, kwa hiyo usiiache iungue.

Dada wa Msalato

Nimesoma nimelia, halafu nimecheka. Gari kama yako, injini ileile, ya kwangu ni ya 2010, ipo nyuma ya nyumba tangu mwaka juzi. Kuku wa jirani wanataga chini yake.

Mimi sikupata onyo hata moja. Nilikuwa naelekea Singida, nimeiacha Manyoni nyuma, mwendo wa 100, redio inaimba. Nikasikia mlio mmoja, ngo! kama jiwe limepiga chini, injini ikazima palepale. Hakuna taa iliyowaka kabla, hakuna joto, hakuna moshi. Usukani ukawa mzito kama wa lori, breki nazo zikawa ngumu baada ya kukanyaga mara mbili tatu. Mungu tu, hakukuwa na gari mbele.

Ilipofunguliwa, krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, imekatika vipande viwili. Meni beringi inayoishikilia ilizunguka kwenye kiti chake ikaziba tundu la oili, krenki ikakosa oili, ikapata moto, ikakatika. Fundi aliyeifungua (mtu mzima, ana adabu, hakuniuzia kitu) akaniuliza oili nilikuwa nabadili lini. Nikamwambia kila inaponiambia dashibodi. Akatikisa kichwa. Akasema dashibodi hiyo imepangwa Ulaya, inakuruhusu kwenda kilometa 20,000 na zaidi kwa oili moja, huku unakula vumbi, foleni na jua la nyuzi 32. Alikuwa ananiambia kwa upole lakini nilijisikia kama nimechapwa.

Kwa hiyo mleta uzi, kabla hujazungumzia hedi, hebu chunguza kama krenki yako iko salama. Yangu ilikuwa na kilometa 171,000.

Mwana Ilazo

Dada pole sana. Nitajuaje kabla haijakatika?

Dada wa Msalato

Yule mzee alinionyesha kwenye mabaki yangu. Filta ya oili ya injini hizi ni ya karatasi ndani ya kikombe. Itoe, kata karatasi kwa wembe, ikunjue kama gazeti juani. Ukiona vumbi linalong'aa, pitisha sumaku. Vinavyokamatwa na sumaku ni chuma. Vinavyobaki vinang'aa bila kukamatwa, hizo ni beringi zako zinakuaga.

Hapa Kazi

Oili ni oili jamani, mnatishana. Mimi natia 15W-40 ya dumu, ya lori, mwaka wa sita sasa na gari inatembea.

Rewaya Kizota

Gari gani mkuu?

Hapa Kazi

Hilux ya 1998.

Rewaya Kizota

Haya. Hilux yako haina ile chujio ya masizi kwenye ekzosi. Ya mleta uzi inayo, inataka oili nyembamba yenye majivu machache, kitabu cha gari kinataja daraja lake, isome hiyo namba na si picha ya dumu. Oili ya lori inaacha majivu ambayo hayaungui, chujio linaziba. Na safari fupifupi za Ilazo kwenda sokoni zinaziba hivyohivyo kwa masizi, maana ekzosi haipati moto wa kutosha kuyachoma. Ipeleke mpaka Bahi na kurudi mara mojamoja, ipumue.

Muuza Spea

Nipo Dar, nauza spea, kwa hiyo chukulieni maneno yangu mkijua mimi ni nani. Injini ya mtumba ya milioni 9 inakuja kutoka kwenye gari iliyokufa Ulaya au Arabuni. Jiulize, gari zenye injini hii zinakufa kwa nini? Wateja wangu wawili walinunua injini mbilimbili. Ukiamua kununua, sharti lako liwe kufungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na kukagua beringi kabla haijapanda kwenye gari, na muuzaji akikataa, ondoka. Mimi mwenyewe huwa nakataa, na wanaondoka, ndiyo biashara.

Halafu kwa wanaofikiria kununua: gari ya Uingereza ikifikisha miaka 3 inakaguliwa kila mwaka, na serikali yao imeweka matokeo mtandaoni bure. Unaingiza namba yake ya kule tu. Utaona maili za kila mwaka na kila kasoro iliyoandikwa. Namba ya kule ipo kwenye karatasi ya usajili, V5C. Muuzaji akikuambia karatasi imepotea, basi na wewe potea. Tena angalia chini. Kule barabarani wanamwaga chumvi kipindi cha baridi, inakula chuma na inakula pale waya za hasi zinapofungwa kwenye bodi. Nusu ya "umeme wa ajabu" ni hapo.

Mzee wa Prado

Hilo la V5C nimelipenda. Lakini nasimama palepale: ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, na ushuru wa uchakavu juu, halafu ununue gari ya kukamua sponji.

Mwana Ilazo

Wakuu, nimerudi baada ya siku kumi na mbili. Nilihamisha gari kutoka ile gereji, Rewaya akaniunganisha na mtu wa injini anayefahamiana naye. Naeleza yote, anayetaka kucheka acheke.

Injini kwanza. Yule bwana hakugusa spana siku ya kwanza. Alijaza maji, akafunga pampu ndogo ya mkono kwenye mdomo wa tangi la kulanti, akapampu presha, akakaa chini kusubiri. Dakika mbili, maji yanatiririka nyuma ya injini juu ya gia boksi. Kuna bomba la plastiki limelala katikati ya V ya injini, huwezi kuliona mpaka utoe vitu vingi. Alilitoa mkononi likavunjika kama biskuti. Miaka kumi na zaidi kwenye moto, plastiki imekauka. Bomba lenyewe, yeye amelipata kwa 260,000. Kazi ya kulifikia ndiyo iliyokula siku mbili.

Nikamuuliza kwa nini mshale haukupanda. Akasema mshale wa gari hizi umepangwa kukaa katikati joto likibadilika kidogo, dereva asihangaike, na kulanti ikiisha kabisa sensa inabaki kwenye hewa haina cha kupima. Tangu siku hiyo nimechomeka kidude cha kusoma joto halisi kwenye soketi, kinaonyesha kwenye simu. Naona 94, 96, naendelea na safari.

Hedi. Aliweka kile kichupa chenye maji ya buluu yanayobadilika rangi moshi wa injini ukiingia kwenye kulanti. Akawasha, tukasubiri hadi feni iwake. Buluu ilibaki buluu. Akarudia asubuhi ikiwa baridi. Buluu. Hedi haikupinda! Anasema kilichoniokoa ni kuegesha mapema, wengi wanasema "nifike tu Kibaigwa".

Rejeta ilitolewa yote. Kati ya kondensa ya eya kondishena na rejeta kulikuwa na zulia la vumbi, manyasi na nzige wawili. Tulipiga maji kutoka ndani kwenda nje, polepole, mapezi yasilale.

Filta ya oili tuliikunjua juani kama alivyosema dada. Mikono ilitetemeka, siwadanganyi. Masizi meusi, chembe tatu za chuma zilizokamatwa na sumaku, cha kung'aa hakuna. Yule bwana akasema hiyo si hati ya kuzaliwa upya, ni taarifa ya leo tu. Tumeweka oili sahihi, nitabadili kila kilometa 7,000 na kila mara filta inakunjuliwa.

Umeme. Baluni la nyuma kulia lilitoa mapovu kama mtoto anaoga. Rilei ya kompresa ilikuwa imeungua kama Rewaya alivyosema kabla hajaiona, huyu mtu aogopwe. Vimirija vya sanrufu tulivizibua kwa uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi. Nilitaka kupuliza kwa kompresa ya gereji akanizuia, presha kubwa inachomoa kimirija ndani ya nguzo halafu ukae unavua paa zima. Uliotoka ni udongo mwekundu kabisa. Kiboksi kilicholowa kilikaushwa siku mbili, kikasafishwa viungio, kimerudi kufanya kazi. Kioo cha abiria kinapanda. Betri ya 95 AGM imewekwa na gari imeelezwa kwa mashine kwamba betri ni mpya.

Baada ya dakika 40: miliampea 38.

Jumla ya safari hii na ufundi wote ni milioni 2 laki 3. Zile milioni 2 na laki 4 za betri, alteneta na kontroli boksi sizihesabu, hizo niliwapa mafundi wale kama sadaka.

Hapa Kazi

Hongera mkuu. Sasa iuze ingali inapumua.

Dada wa Msalato

Usimsikilize. Au msikilize. Sijui. Mimi ya kwangu ningeiuza wiki moja kabla ya Manyoni.

Rewaya Kizota

Kapeti ilikauka? Usiirudishe ikiwa mbichi, mtarudi hapa Aprili.

Mwana Ilazo

Kapeti ilianikwa siku tano juu ya uzio, majirani wakadhani nahama. Ilikauka.

Juzi usiku mvua kubwa imepiga hapa Ilazo, mnaokaa upande huu mmeiona. Niliamka saa kumi na moja na tochi, mke ananiuliza unakwenda wapi. Gari imesimama kwa kimo chake. Chini ya kapeti pakavu. Volti 12.6. Nimerudi kulala.

Dar nitakuwa nakwenda kwa treni ya SGR, hilo tumekubaliana nyumbani bila kura. Gari itakuwa ya hapahapa na Kongwa. Mnaonifuata faragha kuuliza bei, siuzi kwa sasa.

Dada wa Msalato, kuku wakishatotoa, ile ya kwako bado ina saidi mira ya kulia? Mwenye bredauni alinivunjia.

Dada wa Msalato

Ipo. Njoo na spana na trei moja ya mayai, maana nikifukuza kuku nitadaiwa.